Albamu ya mwanamaji mkimbiaji: kuisoma na kuiokoa na hewa ya Mombasa

Nyumba nyingi za wastaafu wa Jeshi la Wanamaji hapa Mombasa, Likoni na Mtongwe hadi Changamwe na Kisauni, zina albamu ya namna moja. Ndani yake mna picha za melini, vipande vya magazeti vya mashindano ya riadha, vyeti vya kozi, namba za kifuani zenye matundu ya pini, kadi za Krismasi kutoka bandari za mbali, na medali moja mbili zilizobanwa kwa selotepu. Huwa iko juu ya kabati au kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Siku inapotolewa, wa kwanza kuishika ni kijana wa nyumba mwenye nia njema, naye ndiye anayeiharibu kuliko mende. Anabandua picha zote, anazipanga upya zipendeze, riadha huku na jeshi kule, kisha anatupa daftari kuukuu. Tangu hapo hakuna tena awezaye kusema picha ile ilipigwa mwaka gani.

Sisi tunaoshughulika na albamu za aina hii tunashika neno moja kuliko yote: baharia na mkimbiaji walikuwa mtu mmoja, kwa hiyo nusu moja ya albamu ni shahidi wa nusu ya pili. Mtu hawezi kuwa doria baharini na siku hiyo hiyo awe kwenye mstari wa kuanzia mbio Nairobi. Safari za meli zinaonyesha ni mashindano gani angeweza kuhudhuria, na mashindano yenye tarehe yanaonyesha lini alikuwa nchi kavu. Lakini ushahidi huo unakaa katika ujirani wa vitu, yaani kipi kilibandikwa kando ya kipi na nini kimeandikwa nyuma. Ukivunja mpangilio umemfukuza shahidi kabla hajasema.

Kabla ya kubandua chochote

Kazi ya kwanza ni kupiga picha ya kila ukurasa jinsi ulivyo, tangu jalada la mbele hadi la nyuma, pamoja na kurasa tupu. Kurasa tupu zina alama za gundi zinazoonyesha kilichoanguka, na mara nyingi kilichoanguka kiko mwishoni mwa albamu au chini ya sanduku. Simu ya kawaida inatosha. Chagua baraza yenye kivuli mchana, weka kitambaa cheusi kisicho na mng'ao chini, laza rula ukingoni ili ukubwa ujulikane, shika simu sambamba kabisa na ukurasa na uzime mwanga wa simu. Mwanga ukitoka upande mmoja tu, picha za karatasi ya kung'aa zitatoa doa jeupe. Geuza albamu, usigeuze mwili.

Halafu zipe kurasa namba kwa penseli laini ya 2B, kwenye kona ya chini nje. Kila kitu kwenye ukurasa kipate namba yake: ukurasa wa 12, kitu cha 3, na kadhalika. Kalamu ya wino haifai, wala ya kuandikia kwenye CD. Katika unyevu wa Pwani wino hupenya upande wa pili baada ya miaka michache, ukatokea usoni mwa mtu kama chunjua.

Fungua daftari au jedwali la kompyuta lenye safu saba: namba, ni kitu gani, nani yumo, wapi, lini, tumejuaje, nani alituambia. Safu ya sita ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye thamani. "1969" peke yake ni dai tu. "1969, kwa sababu cheti kilichobandikwa kando kina tarehe hiyo" ni habari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye albamu methali hii ni kweli neno kwa neno.

Upande wa bahari

Anza na herufi zilizotangulia jina la meli. Meli za kikosi cha Afrika Mashariki cha enzi ya Uingereza ziliandikwa HMEAS (His au Her Majesty's East African Ship). Kikosi hicho kilitokana na jeshi la akiba la wanamaji lililoanzishwa Mombasa mwaka 1933, nacho kilivunjwa 1962. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa tarehe 12 Desemba 1964, na meli zake huanza na KNS (Kenya Navy Ship). Picha yenye utepe wa kofia ulioandikwa HMEAS haiwezi kuwa ya baada ya 1962, hata kama babu anakumbuka vingine. Kati ya 1962 na 1964 kuna pengo la kweli katika historia yenyewe. Usihangaike kutafuta ukurasa uliopotea.

Majina ya meli nayo yana umri. KNS Simba, Chui na Ndovu zilipokewa 1966. Mamba ikafuata 1974, kisha Madaraka, Jamhuri na Harambee 1975. Nyayo na Umoja, zenye makombora, ni za mwishoni mwa miaka ya 1980. Galana na Tana ni za 1994. Shujaa na Shupavu 1997. Orodha hii fupi, ukiiweka ndani ya jalada la daftari lako la kazi, inatatua nusu ya mafumbo. Meli inaonyesha mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia, wala haionyeshi mwaka wenyewe, kwa sababu mashua hizi zilitumika miaka mingi.

Vyeo vinawapoteza wengi. Jeshi la Wanamaji la Kenya linatumia vyeo vya mtindo wa jeshi la nchi kavu, na kamanda wake ni Meja Jenerali. Kwa hiyo kapteni wa Mtongwe, kambi ya wanamaji wetu, ni sawa na kapteni wa jeshi la nchi kavu, ilhali kapteni wa wanamaji wa Uingereza ni sawa na kanali. Makamanda wa mwanzo walikuwa Waingereza, hadi Mkenya wa kwanza aliposhika uongozi 1972, kwa hiyo picha moja ya miaka ya 1960 inaweza kuwa na watu wa mifumo miwili ya vyeo. Andika cheo kama kilivyoandikwa, kisha taja ni cha jeshi gani. Usikitafsiri kwa kukisia. Na mtu aliyeitwa "kapteni" na wenzake huenda alikuwa nahodha wa timu ya riadha tu. Hilo tumelikuta si haba.

Karatasi za mawasiliano na amri za kila siku zina tarehe ya kijeshi ambayo vijana huipita kama namba ya simu. 121430C maana yake ni siku ya 12, saa 14:30, ukanda wa saa C, ambao ndio wa Afrika Mashariki, saa tatu mbele ya saa ya Greenwich. Mwezi na mwaka hufuata. Ukikuta Z badala ya C, saa ni ya Greenwich: ongeza tatu. Hapa pana mtego wetu wenyewe. Shajara ya mtu huyo huyo, aliyoiandika kwa Kiswahili usiku, inasema "tulifika saa nane na nusu". Hiyo ndiyo 14:30 yenyewe, lakini mtu asiye makini ataona safari mbili. Ratiba za riadha zilifuata saa ya Kiingereza. Weka zote katika saa 24 kwenye jedwali, na maneno ya mwenyewe yabaki yalivyo katika safu ya pembeni.

Kitu kimoja kinachodharauliwa ni cheti cha kuvuka ikweta, kile chenye picha ya mzee mwenye ndevu na mkuki wa pembe tatu, desturi waliyoiacha Waingereza. Watu hukiona mzaha. Mombasa iko kama digrii nne kusini mwa ikweta, na mstari wenyewe unapita pwani ya Somalia kaskazini kidogo ya Kismayu, kwa hiyo meli yoyote iliyotoka Kilindini kwenda Aden, India au Ghuba iliuvuka. Cheti kina jina la meli, tarehe, na mara nyingi longitudo. Ni msumari mzuri wa kutundikia safari nzima.

Mandhari ya nyuma nayo inasema. Daraja la Nyali la zamani lilielea juu ya maboya tangu 1931. La zege lilifunguliwa 1980. Fort Jesus ilikuwa gereza hadi 1958, ikafunguliwa kama makumbusho 1962. Barabara ikiitwa Kilindini Road kwenye muhuri wa studio ya picha, picha huenda ni ya kabla haijaitwa Moi Avenue. Angalia nyuma ya kila picha kwa mihuri hiyo; studio za mjini zilipiga muhuri na wakati mwingine ziliandika namba ya negativu kwa penseli.

Upande wa uwanja

Kipande cha gazeti kina ugonjwa mmoja: kimekatwa bila tarehe. Mkasi ulifuata habari ya mbio ukaacha kichwa cha gazeti. Dawa yake iko nyuma. Kigeuze: kuna tangazo la sinema, ratiba ya redio, matokeo ya ligi, bei ya sukari, meli zilizotia nanga. Habari moja ya nyuma yenye tarehe inamaliza kazi. Ndiyo maana kipande kisibandikwe kwa gundi pande zote, na kama kimeshabandikwa, angalau kishikwe mbele ya taa uone maandishi ya nyuma kabla ya kukata tamaa. Aina ya herufi pia husaidia. Mtu aliyezoea Taifa Leo, Baraza au Mombasa Times huyatambua kwa macho.

Vipimo ni kalenda nyingine. Yadi na maili zilitumika katika nchi za Jumuiya ya Madola hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Kingston 1966 ilikuwa ya yadi, ya Edinburgh 1970 ikawa ya mita. Ukisoma yadi 880 kwenye cheti, umbali ni mita 804.67, si 800. Kwa mkimbiaji wa dakika mbili tofauti ni kama sekunde 0.7. Yadi 440 ni mita 402.34, tofauti kama sekunde 0.3. Usibadilishe muda kwenye maelezo ya picha. Andika ulivyoandikwa na umbali wake. Anayetaka kulinganisha atapiga hesabu mwenyewe. Saa za zamani za kupimia mbio ziligawanya sekunde mara tano, kwa hiyo 1:54 na mbili ya tano ni 1:54.4. Muda wenye tarakimu moja baada ya nukta ni wa saa ya mkononi. Wenye tarakimu mbili huenda ni wa mashine, na kuanzia 1977 rekodi za dunia za mbio fupi zilikubaliwa kwa muda wa mashine tu. Katika mita 100 na 200, muda wa mkono huhesabiwa kuwa mwepesi kwa sekunde 0.24. Wajukuu wengi wametangaza kwamba babu alikuwa mwepesi kuliko bingwa wa leo kwa kutojua jambo hili dogo.

Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Mombasa iko mlangoni mwa bahari yenyewe. Muda wa mbio ndefu wa uwanja wa Manispaa hapa Mombasa na ule wa Nairobi haulinganishwi bila kutaja mahali. Aliye na shaka juu ya joto letu akumbuke mbio za nyika za dunia zilizofanyika hapa uwanja wa gofu tarehe 24 Machi 2007: wakimbiaji wakubwa walishindwa kumaliza, Kenenisa Bekele akiwamo, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua dhahabu. Albamu kadhaa za wanamaji zina kadi ya siku hiyo. Soma kadi vizuri. Mara nyingi imeandikwa msimamizi au mlinzi, na hiyo pia ni heshima; haina haja ya kugeuzwa ikawa ya mkimbiaji.

Kosa la namna hiyo lina ndugu yake. Kipande cha gazeti cha Wilson Kiprugut akipata shaba ya mita 800 Tokyo 1964, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, au cha Kipchoge Keino Mexico 1968, hakimaanishi mwenye albamu alikuwako. Askari walikata habari za wenzao kwa fahari tu. Jina lake lisipoonekana kwenye kipande au kwenye ratiba, andika "alikihifadhi", usiandike "alishiriki".

Na mapengo yasikutie wasiwasi. Kenya haikwenda Olimpiki ya Montreal 1976 wala Moscow 1980, wala Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh 1986. Mwanariadha aliyekuwa kwenye ubora wake 1975 hadi 1981 atakuwa na mashindano ya majeshi, ya taifa na ya Afrika Mashariki na Kati, bila picha hata moja ya Olimpiki. Familia hudhani ukurasa umeibwa.

Kuzipatanisha nusu mbili

Tuseme kuna picha ya timu ya kupokezana vijiti, haina tarehe. Kando yake kuna kipande kinachotaja mbio za yadi 440 mara nne. Ukurasa wa pili una picha ya sitaha ya KNS Chui, na mmoja wa wakimbiaji yumo, bado hana mistari ya koplo begani. Chui haikuwako kabla ya 1966. Yadi zilikuwa zinaaga kufikia 1970. Hapo una dirisha la miaka minne mitano. Sasa chukua kitabu cha utumishi: alipandishwa koplo mwezi gani? Dirisha linafungwa upande mmoja. Cheti cha kozi Uingereza kinamtoa nchini miezi kadhaa. Ondoa miezi hiyo. Mara unabaki na msimu mmoja au miwili ya riadha. Andika "takriban 1967 hadi 1968" na sababu zote. Usikubali kusukumwa kuandika mwaka mmoja kwa sababu unapendeza machoni.

Mwenyewe akiwa hai, kaa naye kabla ya kwenda maktaba yoyote. Kumwambia "mzee, tuhadithie maisha yako jeshini" huzaa hotuba ile ile aliyoitoa harusini. Weka picha mbele yake, moja moja, uulize jambo dogo: "Mzee, huyu aliyesimama nyuma ya mzinga ni nani? Kazi yake ilikuwa nini?" Anza kushoto kwenda kulia, safu ya nyuma kwanza. Uliza majina ya utani, kwa sababu ndiyo yaliyoandikwa nyuma ya picha nyingine. Saa moja inatosha kwa siku. Rekodi kwa simu, na mwanzoni mwa kila sauti taja namba ya ukurasa, la sivyo baada ya wiki utasikia "huyu hapa" na hutajua yupi. Bibi wa nyumba aulizwe peke yake. Yeye ndiye aliyepokea barua na kukata magazeti, na tarehe zake, zilizofungwa na uzazi wa watoto, mara nyingi ni sahihi kuliko za mzee.

Hewa ya Mombasa na maadui wengine

Unyevu wa hewa hapa hupita asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na kuvu huota karatasi ikikaa juu ya 65 hivi kwa siku kadhaa. Mvua za masika, Aprili na Mei, ndizo mbaya zaidi. Kazi ya kufungua na kukausha albamu ifanywe Januari na Februari, kaskazi likivuma na hewa ikiwa kavu. Kipima unyevu kidogo cha bei nafuu ni kifaa cha kwanza kununua, kabla ya gundi na kabla ya skana.

Sanduku la bati la askari linapendwa lakini linatoka jasho ndani usiku unapopoa, kisha linapata kutu. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi ni kibaya vilevile, kwa sababu hewa ya joto yenye unyevu huingia na kutua juu ya karatasi iliyopoa. Tumia sanduku la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaoziba, lenye alama ya namba 5 au 2 chini yake. Namba 3 ni plastiki ya PVC inayotoa mvuke wenye asidi. Harufu kali ya plastiki mpya ni ishara hiyo hiyo. Ndani weka chembe za silika za kunyonya unyevu, gramu 200 hadi 300 kwa sanduku la lita 20, ndani ya mfuko wa kitambaa. Zikilowa zikaushwe ndani ya oveni nyuzi 120 kwa saa mbili tatu. Mchele hauna kazi hapo; unaalika wadudu. Vidonge vya naftalini pia viondolewe, vinalainisha plastiki na kuacha harufu isiyotoka. Na sanduku lisikae chumba cha udi. Moshi wa chetezo unatua juu ya picha kama utando wa njano unaonata.

Kuvu ikiwa mbichi, yenye manyoya, usiipanguse. Inapakaa na kuzama. Kausha kwanza kurasa zikiwa wazi mahali penye upepo na kivuli, siku mbili tatu, hadi iwe unga. Ndipo utoke nje, uvae barakoa, uipeperushe kwa brashi laini ukiwa umeupa upepo mgongo. Jua la moja kwa moja lisitumike. Linakausha kuvu na kufuta picha kwa pamoja.

Wadudu wanaokula karatasi na gundi huuawa kwa baridi. Toa medali na vioo, funga albamu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, funga kwa utepe, iweke kwenye friza ya nyumbani ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ikitoka iachwe ndani ya mfuko siku nzima hadi ipate joto la chumba. Ukifungua mapema, maji yatatua juu ya picha.

Selotepu ya zamani ndiyo adui wa ndani. Plastiki yake inapukutika, gundi inabaki na doa la hudhurungi lisilotoka. Plastiki ikianguka yenyewe, iache ianguke. Usitumie pasi wala spiriti. Albamu za miaka ya 1970 na 1980 zenye ukurasa unaonata na karatasi ya plastiki juu ni mbaya zaidi, kwa kuwa gundi yake hukaza kadiri ya miaka. Pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, ukikereza polepole kutoka kona moja. Picha ikikataa, usiilazimishe: kata ukurasa kuizunguka, uiweke pamoja na kipande chake. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu iskaniwe ikiwa juu ya kioo, na iachwe hapo.

Pini za namba za kifuani, klipu na stepla zote zitolewe. Hewa ya chumvi inazila na kutu inatoboa karatasi. Medali zisikae ndani ya albamu kabisa. Zinakandamiza kurasa na kuacha duara kwenye picha ya upande wa pili. Mwanamaji hawezi kuona shaba chafu bila kutafuta Brasso, na hapo ndipo pa kumshika mkono: dawa hiyo inakula maandishi, na mabaki yake yanageuka unga wa kijani na mweupe kwenye mianya. Soma ukingo kwanza. Medali nyingi za Uingereza zilichorwa namba na jina la askari ukingoni, ingawa nyota za vita vya 1939 hadi 1945 zilitolewa bila jina. Zifungwe kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato, kila moja peke yake. Sufu haifai, inaharakisha weusi wa fedha.

Nyumba mpya ya kurasa

Ikiwa albamu ya zamani bado inashika, iachwe ilivyo, iwekwe karatasi kati ya kurasa. Karatasi nyingi za sasa za kuchapishia, za gramu 80, hazina asidi. Tafuta maneno hayo kwenye pakiti. Ikiwa imevunjika, tengeneza mpya kwa kadi ya gramu 200 isiyo na asidi, karatasi 30 kwa jalada moja, si zaidi. Kati ya kila karatasi mbili, upande wa uti, weka ukanda wa kadi wa sentimita mbili. Usipoweka, vitu vilivyobandikwa vitainenepesha albamu na itabaki mdomo wazi. Picha zishikwe kwa pembe za karatasi, mbili au tatu kwa ukurasa, zitoke na kurudi bila kung'olewa. Mpangilio ufuate picha ulizopiga siku ya kwanza.

Vipande vya magazeti vinatengana na picha. Karatasi yake ina asidi inayogeuka njano na kumchafua jirani. Toa nakala kwenye karatasi nzuri, nakala ndiyo ikae albamuni mahali pa asili, na kipande chenyewe kiende kwenye bahasha yake chenye namba ile ile.

Skani picha kwa alama 600 kwa inchi, za pasipoti kwa 1,200, magazeti kwa 400, zote kwa rangi hata zikiwa nyeusi na nyeupe. Skani na nyuma. Hifadhi faili ya TIFF, isiyopoteza kitu; tuma JPEG, iliyo nyepesi. Picha za rangi za miaka ya 1970 zilizogeuka nyekundu ziharakishwe, maana rangi ya samawati ndiyo inayokufa kwanza na ikizidi kufa hairudishiki. Negativu zenye harufu ya siki zitengwe na zote nyingine leo hii. Ukitumia WhatsApp kuwatumia ndugu, tuma kama hati. Ukituma kama picha inapunguzwa mno.

Kuna vitu visivyotumwa kabisa. Karatasi yenye muhuri wa siri, mwongozo wa silaha, ramani ya ndani ya kambi: usiskani, usigawe, mwambie mwenye albamu aulize kikosi chake namna ya kuirudisha. Sheria ya Siri za Serikali na ile ya Maeneo Yaliyolindwa haziangalii kwamba picha ina miaka arobaini. Picha za sitaha zenye rada na mizinga ya meli ambazo bado zinafanya kazi zibaki nyumbani. Namba za jeshi na za kitambulisho zifunikwe kwenye nakala za kugawa, na wenzake waliomo pichani waulizwe, au watoto wao; tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hilo si adabu tu.

Nakala za kompyuta ziwe tatu: moja nyumbani, moja kwenye diski ya nje kwa ndugu anayekaa nje ya Kisiwa, moja mtandaoni. Diski ifunguliwe mara moja kila mwaka, Januari au Februari, siku ile ile sanduku linapofunguliwa kubadilishwa silika.